Teligeti kwa anayeanza: kuchoma nyama paking ya uwanja na kuondoka pasafi

Ikifika Septemba meseji zinaanza kuingia na maswali ni yaleyale, kaka tunataka kwenda kufanya teligeti Arrowhead (uwanja wa timu ya Chiefs), tunabeba nini, mkaa unaruhusiwa, lazima tuwe na tiketi ya mechi, taka tunapeleka wapi. Nimejibu mpaka nimechoka kwahiyo naandika mara moja tu, atakayeuliza tena namtumia hii.

Kwa aliyeshuka juzi: teligeti ni ile sherehe Wamarekani wanafanya kwenye paking ya uwanja kabla ya mechi ya mpira wao, ule wa Kimarekani (American football). Jina limetoka kwenye ule mlango wa nyuma wa pikapu unaoshuka chini ukawa kama meza. Watu wanafika asubuhi, wanawasha majiko, wanakula, wanapiga muziki, halafu ndo wanaingia uwanjani. Historia inatosha hapo.

Mimi niko Kansas City kwahiyo mifano yangu ni ya Chiefs na Arrowhead, ila ukiwa Green Bay, Houston au kwenye mechi ya chuo Jumamosi kazi ni ileile, kinachobadilika ni sheria za paking.

Kabla hujanunua hata soseji moja elewa hivi: teligeti inaisha KABLA mpira haujaanza. Sisi tumezoea shughuli inayoanza saa kumi kwenye kadi na saa moja usiku kwa ukweli, na vyombo vinaoshwa kesho. Hapa mpira ukianza saa sita mchana umeanza, na jiko lako likiwa bado lina moto saa tano na nusu una matatizo mawili, moto na uchafu, na yote mawili utayakuta yanakusubiri ukitoka umechoka, pengine timu imefungwa na kuna baridi. Mechi za Chiefs nyingi ni Jumapili, kwahiyo usafi unaupanga Jumamosi usiku jikoni kwako. Karibu makosa yote niliyoyaona (na mengi nimeyafanya mwenyewe) yanaanzia hapo.

MAHITAJI

Hesabu hii ni ya watu 12. Wakizidi 20 gawaneni mara mbili, kila kundi na jiko lake, usijifanye mama ntilie.

Chakula: nyama isiyo na mifupa kilo 3 (nusu ng'ombe nusu mapaja ya kuku), soseji 12, mikate ya soseji, kachumbari, pilipili, ndimu, chapati au mandazi mliyopika nyumbani, matunda. Nasisitiza isiyo na mifupa. Mfupa hauna pa kwenda paking, mtu anautupa chini ya gari ya jirani anadhani hajaonekana.

Vinywaji: maji chupa mbili kila mtu, soda, na bia kwa wanaotumia. Chukua za kopo, viwanja vingi havitaki chupa za kioo kwenye paking na hata wanapoziruhusu usibebe, kopo likianguka unaliokota lakini chupa ikipasuka utaiokota siku nzima.

Deli mbili za barafu, moja ya nyama mbichi na nyingine ya vinywaji. Barafu mifuko minne ya paundi 10.

Jiko dogo la mkaa au la gesi. Kama la mkaa ongeza lile bomba la bati la kuwashia, kiberiti au laita, koleo mbili (ya nyama mbichi na ya iliyoiva, usizichanganye), ndoo ya CHUMA yenye mfuniko, na maji ya bomba lita 8 kwenye dumu kwa ajili ya kuzimia tu, mtu asiyanywe.

Kipimajoto cha nyama. Najua utacheka, bibi yako hakuwa nacho. Walmart ni dola chache, nunua.

Meza ya kukunja, viti, tenti ya futi 10 kwa 10 na uzito wa kufunga kila mguu.

Vifaa vya usafi, na hapa ndo watu wanapobania: mifuko mikubwa ya taka minene 6 (sio ile myembamba ya jikoni), glovu, taulo za karatasi rola tatu, foili, fagio ndogo na kizoleo, spreya ya maji ya sabuni, maji ya kunawa kwenye dumu lenye bomba, mchanga wa choo cha paka mfuko mdogo, na kopo tupu la maziwa ya unga. Mchanga wa paka na kopo nitaeleza mbele.

HATUA

1. Wiki moja kabla, malizana na paking.

Viwanja vingi siku hizi paking unanunua mapema kwa simu, hufiki tu getini na noti mkononi. Ingia tovuti ya uwanja usome mambo matano: geti la paking linafunguliwa saa ngapi, mkaa unaruhusiwa au ni gesi tu, tenti ukubwa gani, unaruhusiwa nafasi ngapi, na asiye na tiketi ya mechi anaruhusiwa kukaa paking au hapana. Hili la mwisho linatofautiana sana uwanja hadi uwanja, kwahiyo usialike shemeji zako wanane wasio na tiketi kabla hujasoma.

Kanuni ya jumla sehemu nyingi ni gari moja nafasi moja, na sherehe yako inakaa nyuma au mbele ya gari lako. Kuweka viti nafasi ya pembeni ili kumshikia mtu anayekuja baadae ndo njia ya haraka ya kugombana na watu. Mnaotaka kukaa pamoja, kutaneni kituo cha mafuta mwingie geti mmefuatana.

2. Jumamosi usiku maliza kazi ya kisu.

Kata nyama yote, loweka na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, tunga kwenye vijiti kabisa halafu panga kwenye mifuko ya Ziploc, mishikaki 12 kila mfuko. Vijiti vya mbao vilowekwe maji kwanza nusu saa visiungue. Kachumbari kata vitunguu na nyanya lakini usitie chumvi wala ndimu mpaka kesho, vinginevyo itafika supu.

Ukikatia nyumbani maganda, mafuta na damu vinabaki kwenye pipa lako. Ukikatia paking umehamisha bucha. Niliwahi kumuona ndugu yetu anachana mbuzi nusu kwenye mlango wa pikapu, damu inashuka kwenye bampa, jirani yake Mmarekani amesimama na kikombe cha kahawa anaangalia tu hajui aseme nini.

Chupa chache za maji zigandishe. Asubuhi zinakaa chini ya deli kama barafu, zikiyeyuka mnakunywa, na uzito wa kubeba umepungua.

3. Pakia gari kinyumenyume.

Utakachohitaji mwisho kinaingia kwanza. Viti na spika ndani kabisa, kisha vyakula, kisha jiko, na juu ya yote, pale mlangoni, mfuko wa usafi. Ukifungua buti kitu cha kwanza kutoka ni mfuko wa taka na unaufunga kwenye mguu wa meza kabla hata kopo la kwanza halijafunguliwa. Watu hawatupi chini kwa sababu ni wachafu, wanatupa kwa sababu hawaoni mfuko uko wapi.

4. Fika mapema upange eneo.

Mechi ya saa sita mchana mimi huwa getini saa moja na nusu asubuhi. Ukiweza chagua nafasi ya mwisho wa mstari, karibu na nyasi au vyoo lakini usiwe upande ambao upepo unatoka vyooni, utanishukuru.

Panga hivi: jiko liwe mbali na tenti na mbali na magari, upande ambao moshi unaondoka kwenda pasipo na watu. Usiweke jiko chini ya tenti hata mvua ikinyesha, na usilirudishe ndani ya gari au chini ya turubai iliyofungwa kwa ajili ya kuota moto, mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na watu wanalala moja kwa moja. Meza ya chakula katikati. Deli ya vinywaji mbali na jiko ili wanaokuja kuchukua soda wasimsukume mpishi.

Mifuko ya taka mitatu, kila mmoja sehemu yake: makopo na chupa, taka za kawaida, na mabaki ya chakula. Andika kwa makapeni kwenye kipande cha boksi, maana usipoandika yote mitatu itakuwa sawa ndani ya nusu saa. Ukiwa Michigan makopo yana senti 10 kila moja ukirudisha dukani kwahiyo huko mfuko wa makopo una mwenyewe, watoto wataupigania.

5. Washa jiko saa mbili.

Jaza mkaa kwenye bomba la bati, karatasi chini, washa, subiri dakika 15 hadi 20 mpaka juu uwe na majivu meupe ndo umwage jikoni. Mafuta ya kuwashia sitaki hata kuyasikia, nyama inanuka kituo cha petroli. Rundika mkaa mwingi upande mmoja na upande wa pili uache mtupu, ukiona mshikaki unawaka moto unausogeza upande mtupu basi, hakuna haja ya kumwagia bia.

Wa gesi, jaribuni mtungi nyumbani. Kila mwaka kuna mtu anafika na mtungi mtupu anazunguka paking kama anaomba mchango wa harusi.

6. Choma kwa awamu, maliza saa nne na robo.

Awamu ya kwanza soseji, maana zinaiva haraka na zinatuliza njaa. Kisha kuku, kisha ng'ombe. Kuku ndani afike nyuzi 165 za Fahrenheit, yaani 74 za Selsiasi, nyama ya kusaga 160 (71), kipande kizima cha ng'ombe 145 (63). Pima, usiangalie rangi, asubuhi yenye moshi rangi inadanganya.

Chakula kisikae mezani zaidi ya masaa mawili, na siku za Septemba joto likipita nyuzi 90 (32 za Selsiasi) ni saa moja tu. Ndo maana nasema awamu: unatoa mifuko miwili ya mishikaki inaliwa inaisha, unatoa mingine. Usirundike yote kwenye sinia kubwa kama kwenye maulidi.

Na usirudishe nyama iliyoiva kwenye sahani iliyobeba mbichi. Hili kosa nalikuta kila mara, tena kwa watu wanaopika vizuri kabisa nyumbani, sababu paking sahani ni chache na mkono unajiendea wenyewe.

Vijiti vilivyotumika weka kwenye lile kopo la maziwa. Kijiti cha mshikaki kikiingia kwenye mfuko wa taka kinautoboa, na huo mfuko utapasuka ukiwa begani kwako au kwenye siti ya gari. Kopo likijaa unalifunika.

7. Kula, cheza, salimia majirani.

Harufu ya mishikaki itawaleta, watakuja na soseji zao na mbavu za Kansas City wanataka kubadilishana, badilishaneni, hii ndo raha yenyewe. Wanaovaa rangi za timu pinzani nao wasalimie, utani ni sawa, matusi hapana. Muziki weka rumba au Bongo Fleva lakini jirani wa gari la tatu asisikie maneno. Na kwenye meza tenganisha cha nguruwe na chetu, muwe na koleo tofauti, wageni wengi ni Waislamu na mtu hawezi kukaa anauliza kila sahani.

Mtakuta watu wanarusha vifuko vya mahindi kwenye ubao wenye tundu. Mbao mbili, umbali wa futi 27, kifuko kikiingia tunduni pointi 3, kikibaki juu ya ubao 1, wa kwanza kufika 21 kashinda. Wazee wetu waliokulia kwenye bao wanaudharau kwa dakika tano, halafu huwatoi.

Watoto wasikimbie kati ya magari, madereva wanarudi nyuma hawaoni. Kama wanaingia uwanjani wabebee vizibo vya masikio vile vya kuvaa kichwani: Arrowhead ndo walipima kelele za desibeli 142.2 mwaka 2014 wakaingia kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness, sio sehemu ya kumpeleka mtoto wa miaka miwili masikio wazi.

Kuhusu pombe, chini ya miaka 21 hapati hata kidogo, na dereva mnamchagua Jumamosi sio mkiwa mmeshalewa. Kiwango cha pombe kwenye damu cha kushtakiwa majimbo mengi ni asilimia 0.08, na kwa sisi wengi ambao makaratasi bado yako uhamiaji, kesi ya kuendesha umelewa haiishii kwenye faini.

8. Saa nne na nusu zima moto.

Hapa ndo wanafeli wengi kuliko kote. Usimwage maji ndani ya jiko la moto, mvuke na majivu vinakurukia usoni na bati linapinda. Tia maji kwenye ndoo ya chuma, chukua kaa mojamoja kwa koleo utumbukize, koroga, ongeza maji, subiri dakika 10, koroga tena. Zikiwa baridi kabisa ndo zinaenda kwenye pipa la makaa la uwanja, viwanja vingi vinavyoruhusu mkaa vinayaweka na yameandikwa. Usipoliona, funika ndoo urudi nayo nyumbani.

Marufuku: kumwaga makaa kwenye nyasi, kwenye pipa la kawaida, kwenye mfuko wa plastiki, au chini ya gari. Ya chini ya gari inafanyika kweli, mtu anasukuma jiko chini ya bampa ili lisiibiwe anaingia kwenye mechi. Kaa linaloonekana limekufa linaweza kuwa na moto ndani mpaka kesho yake, na juu yake kuna tangi la mafuta.

9. Usafi wa kwanza, dakika 30, kabla ya kuingia.

Piga filimbi au zima muziki, muziki ukizimwa watu wanaelewa haraka kuliko ukiongea. Gawa kazi kwa majina kabisa, ukisema "jamani tusaidiane" watasaidiana kukuangalia.

Anza na chakula. Kilichobaki kizuri kiende kwenye deli yenye barafu, kilichokaa mezani kupita muda wake kitupwe bila huruma. Kisha vimiminika, kila kopo na kikombe kimwagwe kwenye ndoo moja ya plastiki kabla hakijaingia mfukoni, mfuko wenye bia ndani ni mzito na utavuja kwenye buti mpaka Krismasi utainusa.

Kisha mafuta. Mafuta ya nyama yaliyodondoka kwenye lami mwagia mchanga wa paka, kanyagakanyaga, subiri dakika kumi, fagia. Hiyo ndo kazi yake. Ukimwagia maji yanasambaa na mtu anateleza.

Maji ya barafu ya vinywaji ni masafi, mwaga kwenye nyasi. Maji ya deli ya nyama USIMWAGE paking, yana damu, na mitaro ya mvua mara nyingi inaenda mtoni moja kwa moja. Funga deli, urudi nayo, ukamwage chooni kwako.

Mwisho ni mstari. Watu wote wasimame bega kwa bega upande mmoja wa eneo lenu, watembee polepole kuelekea upande wa pili wanaangalia chini kama wametafutishwa sindano. Vifuniko vya chupa, vipande vya foili, vijiti, vipini vya plastiki, hivi ndo vinabaki kila mara kwa sababu kila mtu anaokota kubwa. Mimi hii nilijifunza kwa aibu, mlinzi mmoja alitufuata na kiganja kimejaa vijiti vya mishikaki, hakusema neno, akaniwekea mkononi akaondoka.

Funga mifuko miwili kati ya mitatu upeleke kwenye mapipa sasa hivi yakiwa bado na nafasi. Baada ya mechi yatakuwa yamefurika. Wa tatu acha kwenye buti kwa ajili ya jioni.

10. Kuingia.

Kagua mifuko ya suruali, mpishi hasa! Kisu kidogo, kifungua chupa chenye ncha, vyote vibaki garini. Begi liwe la plastiki inayoonyesha ndani, lisizidi inchi 12 kwa 6 kwa 12, au Ziploc ya galoni moja, hii sheria ya NFL (ligi yao ya mpira huo) iko tangu 2013 na mkoba wa shangazi hata uwe wa gharama gani utarudishwa kwenye gari.

11. Baada ya mechi.

Mechi inachukua kama masaa matatu, na ukitoka foleni haiendi popote kwa saa nzima. Usikimbilie usukani. Toa viti viwili, matunda, chapati, maji. Jiko haliwashwi tena. Wakati watu wanakula tembeeni mstari wa pili, sababu upepo umeleta taka za wengine kwenye nafasi yenu na anayepita kukagua hajui ni za nani. Zioneni tu ni zenu, okoteni.

12. Nyumbani usiku huohuo.

Najua umechoka. Lakini deli ya nyama ikilala imefungwa asubuhi utaitupa. Maji ya moto, sabuni, suuza na siki, acha wazi ikauke. Wavu wa jiko upashe moto halafu sugua na nusu ya kitunguu kilichochomwa kwenye uma, ni bora kuliko brashi ya waya ambayo nywele zake zinakatika na kubaki kwenye wavu. Hema likilala limelowa linaota ukungu, litandaze hata sebuleni.

YAKIHARIBIKA

Upepo unanyanyua tenti: ishushe mara moja, usiwaweke watoto wakaishikilia miguu. Kila mguu unataka kama paundi 40, dumu la maji la galoni 5 linafika hapo. Lile la galoni moja mnalofunga kwa kamba ya viatu ni pambo.

Nyama nje imeungua ndani mbichi: moto mkali na nyama imetoka kwenye barafu muda huohuo. Isogeze upande usio na mkaa, funika dakika 10, pima tena.

Mkaa hauwaki: umelowa au bomba limezibwa chini. Mwaga, panga upya, tumia karatasi iliyopakwa mafuta ya kupikia.

Baridi kali: Januari 13, 2024 Chiefs walicheza na Miami nyuzi zikiwa 4 chini ya sifuri Fahrenheit, karibu 20 chini ya sifuri Selsiasi, kuna watu walipata madhara ya baridi mpaka vidoleni. Siku kama hiyo mtungi wa gesi unapoteza nguvu, mkaa ndo unafaa, na vinywaji vinaganda ndani ya deli badala ya kupoa. Simama juu ya kipande cha boksi, baridi inapanda kutoka kwenye lami. Kama mna watoto wadogo msiende.

Mapipa yamejaa: hamrundiki mifuko pembeni, ndege na mbwa watamaliza kazi. Inarudi na nyinyi. Ndo maana nilisema mifuko minene.

Mfuko umepasuka: usijaribu kuushona na selotepu, ingiza wote ndani ya mwingine kuanzia chini.

Chupa imevunjika (ya jirani, maana nyinyi hamkubeba): vipande vikubwa kwa glovu, vidogo zoa na vipande viwili vya boksi, vumbi lake lishike na taulo ya karatasi iliyolowa. Weka kwenye kopo, sio kwenye mfuko.

Mgeni amekuja saa tano, moto umezimwa: ana soseji baridi na mkate. Usiwashe tena kwa ajili yake hata kama ni mjomba. Mwaka ujao atakuja saa mbili.

Mgeni amelewa kabla mpira haujaanza: walinzi hawamwingizi, na usimwache garini peke yake na funguo. Mmoja anakaa nae au anaitiwa Uber, kura ipigwe haraka, kwa kawaida inamwangukia aliyemleta.

Gari haliwaki jioni: buti lilikuwa wazi toka asubuhi, taa zinawaka na spika inakula betri. Beba waya za kuchajia betri ya gari na kopo moja la soda ya kumpa jirani atakayekuchajia, na mara ijayo spika iwe na betri yake.